Gesi ya Kiyoyozi Inakwenda Wapi?

Wanafunzi wenzangu, likizo iliyopita nilikaa mjini Moshi nyumbani kwa baba mdogo. Jioni moja alinionyesha daftari lake la matumizi ya nyumba. Katika mwezi wa Novemba palikuwa na maneno haya: “Gesi ya kiyoyozi.” Mwezi wa Januari yalikuwapo tena, na mwezi wa Machi mara ya tatu. Kila mara fundi alikuja, akasema gesi imekwisha, akajaza, akalipwa, akaenda zake. Baba mdogo akanitazama, akasema, “Mwanangu, wewe usomaye fizikia, hebu niambie, gesi hii inakwenda wapi?”

Usiku ule sikuwa na jibu. Nililitafuta baadaye, nami naliandika hapa, kwa kuwa naamini nyumba nyingi zinaulizana swali hilo hilo.

Tuanze na mtungi. Sote twajua kwamba maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kuliko maji ya ndoo. Sababu ni kwamba maji kidogo hupenya katika udongo, yakageuka mvuke, na kila kitu kinachogeuka mvuke hunyang’anya joto mahali kilipo. Hali kadhalika spiriti ikipakwa mkononi huleta baridi. Kiyoyozi nacho hutumia kanuni hiyo, ila badala ya maji kina gesi maalumu. Mathalani gesi iitwayo R22 huchemka katika baridi ya nyuzi 41 chini ya sifuri, ikiwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa.

Kazi yake huzunguka hivi. Kwanza, kompresa huigandamiza gesi, nayo hupata moto sana. Pili, gesi hupita katika mabomba yaliyo nje ya nyumba, feni huyapepea, joto hutoka, na gesi hugeuka kuwa majimaji. Tatu, majimaji hupita katika njia nyembamba, na kanieneo hushuka ghafula. Nne, huingia katika mabomba ya ndani, huchemka, hugeuka gesi tena, na kunyang’anya joto la chumba. Kisha hurudi kwa kompresa, na mzunguko huanza upya.

Sasa angalia jambo moja. Katika safari hiyo yote hapana mahali gesi inapochomwa wala kuliwa. Taa ya chemli hunywa mafuta, gari hunywa petroli, lakini kiyoyozi hakinywi gesi. Gesi ile ile iliyotiwa kiwandani yaweza kuzunguka miaka na miaka. Basi ikiwa imepungua, imevuja. Pana tundu. Hilo ndilo jibu la swali la baba mdogo.

Mwenye kujaza gesi bila ya kutafuta tundu ni sawa na mtu ajazaye maji katika ndoo iliyotoboka. Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu. Tuseme kujaza gesi ni shilingi 120,000, na kutafuta tundu na kuliziba ni shilingi 80,000. Mwenye kujaza mara tatu hulipa shilingi 360,000, na tundu bado lipo. Mwenye kuziba kwanza na kujaza mara moja hulipa shilingi 200,000, na kazi imekwisha. Tena gesi inayorudi baridi ndiyo inayoipoza kompresa yenyewe. Gesi ikiwa haba, kompresa hupata moto kupita kiasi na mwisho huungua, nayo ndiyo sehemu iliyo ghali kuliko zote.

Iko sababu nyingine ya kutochezea gesi. R22 huharibu tabaka la ozoni lililo juu angani. Kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, pamoja na marekebisho yaliyofuata, mataifa yamekubaliana kuiondoa. Kwa nchi kama yetu kiasi kilikatwa kwa asilimia 35 mwaka 2020, na kwa asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 utumizi utakoma, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine za zamani. Kitu kinachoadimika hupanda bei. Kwa hiyo anayenunua kiyoyozi kilichotumika, na asome kwanza kibao chake aone kinatumia gesi gani.

Lakini si kila kiyoyozi kisichopoza kimepungukiwa na gesi. Kabla ya kumwita fundi, tazama chujio. Mji wetu una vumbi jingi wakati wa kiangazi, na vumbi likiziba chujio hewa haipiti, na mabomba ya ndani huweza hata kushika barafu. Zima mashine, toa chujio, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini, ulirudishe. Fanya hivyo kila mwezi. Gharama yake ni kipande cha sabuni. Mabomba ya nje nayo yasizibwe kwa majani wala maboksi. Ikiwa mashine inanguruma bila ya kuanza, huenda ni kapasita, kifaa kidogo kisicho ghali. Lakini usikiguse mwenyewe, kwa maana huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Tena yafaa tujue mzigo wa mashine. Kiyoyozi hupoza hewa, na pia huikausha. Ndiyo maana hutoa maji nje. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3. Kwa mwinuko wa Moshi, hewa yake ina uzito wa kilo 50 hivi. Kuishusha joto kwa nyuzi 10 kunahitaji kuondoa kilojuli 500 hivi. Lakini kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji kunahitaji kuondoa kilojuli 2,400 hivi, karibu mara tano! Basi siku za unyevu mwingi mashine hubeba mizigo miwili. Anayeacha dirisha wazi na kiyoyozi kikiwaka anaikaribisha mvuke isiyo na mwisho, kisha hulalamika umeme wa LUKU umekwisha upesi.

Wala tusisahau kwamba sisi tunakaa chini ya mlima. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 au zaidi kidogo kila tupandapo mita 1,000. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 juu ya bahari, na lango la Marangu limepita mita 1,800. Ndiyo sababu bibi, akaaye kihambani katikati ya migomba, hajui kiyoyozi ni nini, na usiku hujifunika mablanketi mawili. Mjini hatuwezi kuuhamisha mwinuko, lakini kivuli twaweza kukihamisha. Dari chini ya bati, mti upande wa magharibi, na madirisha yafunguliwayo usiku upepo wa mlimani ushukapo, vyote hupunguza kazi ya mashine, na mashine isiyochoka haiharibiki upesi.

Nilipomweleza baba mdogo hayo, alimwita fundi mwingine, akamwambia, “Leo sitaki gesi, nataka tundu.” Fundi akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba. Kwenye nati moja ya nje mapovu yakaanza kuvimba, moja baada ya jingine. Akalitengeneza ungio, akaondoa hewa na unyevu katika mabomba kwa pampu, akatia gesi kwa kuipima kwenye mizani. Tangu siku ile maneno “gesi ya kiyoyozi” hayajaandikwa tena katika daftari.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya mtungi hayapoi sana wakati wa masika?

2. Chumba kina mita 5 kwa 4, na kimo cha mita 3. Ikiwa kila mita ya ujazo ya hewa ina kilo 1.05, na kila kilo huhitaji kuondolewa kilojuli 1 kwa kila nyuzi, ni kilojuli ngapi zitaondolewa ili hewa ishuke kwa nyuzi 8?

3. Fundi akikuambia, “Gesi imekwisha,” utamwuliza nini kabla ya kutoa fedha?