Mchekeshaji Naye Ana Kazi



Katika michezo ya shule yetu mimi huigiza mzee mlevi, na watu hucheka sana. Lakini baba yangu, ambaye ni mvuvi hapa Kashikishi, aliniambia nichague: mchezo au mitihani. Kwa sababu hiyo niliyachunguza maisha ya Bibi Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda, nikaona mambo matatu ya kutufaa.

La kwanza, alisoma. Alizaliwa mwaka 1986 upande wa Kabale, akasoma shule ya wasichana ya Bweranyangi, kisha Chuo Kikuu cha Makerere, akapata digrii ya sayansi za jamii.

La pili, alianza chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 2007 aliingia kundi la Theatre Factory lililoigiza Kampala. Kundi hilo lilipovunjika, hakuacha kazi. Alijiunga na jingine, Fun Factory. Baadaye alitengeneza vichekesho vifupi akaviweka katika YouTube. Wenye televisheni ya Citizen ya Kenya walivipenda, wakampa kipindi chake mwenyewe, Don't Mess With Kansiime. Hivyo akajulikana katika nchi nyingi za Afrika.

La tatu, hakutegemea kazi moja. Alifungua nyumba ya wageni, Kansiime Backpackers, kando ya Ziwa Bunyonyi, karibu na kwao.

Jambo hili la tatu latuhusu sana sisi watu wa Mweru. Kila mwaka, tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Mwenye wavu tu hupata taabu. Mwenye wavu na shamba la mihogo hula. Kicheko nacho kina msimu wake: leo watu wakushangilia, kesho wamekuchoka.

Basi, ndugu zetu mliokwisha maliza shule, mkimwona kijana mwenye kipawa hiki, msimwite mvivu. Mwulizeni anasoma nini, na kazi yake ya pili itakuwa ipi. Nawe mwenzangu, usitupe madaftari yako kwa ajili ya makofi ya usiku mmoja.

Nilimsimulia baba habari hizi zote. Hakuniambia ndiyo, lakini aliniomba nimwigizie yule mzee mlevi.