Makombe ya Bahari Juu ya Vilima

Katika Colorado, Marekani, pana vilima vya mawe ya chokaa vilivyochongoka mfano wa hema. Mwaka 1895 mabingwa Gilbert na Gulliver waliandika habari zake. Bahari iko mbali sana, lakini mawe hayo yamejaa makombe ya chaza. Yalifikaje?

Yapata miaka milioni 75 iliyopita bahari ilifunika nchi hiyo, na hewa ya methani ilikuwa ikipenya topeni kutoka chini. Vijidudu viliila, kwa kazi yao tope likagandamana kuwa chokaa, ikatoka na hewa nyingine, inukayo kama mayai viza. Hewa hiyo, ambayo kwetu ni sumu, ilivilisha vijidudu vingine vilivyokaa ndani ya matamvua ya chaza, navyo vikawalisha wenyeji wao. Ndiyo maana chaza walisongamana hapo. Baadaye bahari ilirudi nyuma, mvua ikachukua udongo laini wa kandokando, chokaa ikabaki imesimama.