Wakuu wa Tekoa na Shingo Zao

Somo: Nehemia 3:1-32

Wengi wetu tukifika kwenye sura hii tunairuka. Ni majina matupu, tunasema. Tuyasome pole pole, maana ni orodha ya salongo.

Wa kwanza ni Eliashibu, kuhani mkuu. Hakutuma mtu, aliinuka mwenyewe pamoja na makuhani wenzake, wakajenga Lango la Kondoo. Wafua dhahabu na watengeneza manukato, watu wa vidole laini, walishika mawe (mst. 8). Shalumu, aliyetawala nusu ya mtaa wa Yerusalemu, alikuja na binti zake (mst. 12). Na Malkiya, mtawala wa Beth-hakeremu, alitengeneza nini? Lango la Jaa, njia ya takataka za mji (mst. 14). Nani kati yetu angeomba sehemu ile?

Sasa mstari wa 5. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakuu wao walikataa kuinamisha shingo. Biblia haitoi sababu yao. Hata majina yao haitaji, na imetaja ya wengine wengi.

Sisi wa Base ya Kamina tunaishi mahali ambapo cheo kinaonekana begani. Kwenye kazi ni sawa, bila cheo hakuna jeshi. Shida ni pale tunapokivaa mpaka kwenye kiwanja cha kanisa. Siku ya salongo wamama wajane wanafika mapema na jembe na beseni la mchanga. Wengine wetu tunamtuma mtoto na pesa kidogo, ama tunakuja kukaa kwenye kiti na kuonyesha kwa kidole. Pesa inanunua simenti, ni kweli. Lakini mjane aliyebeba mchanga peke yake anajua kwamba hatumchukui kama ndugu.

Tunajua pia hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981. Waamini wa Kimbangu walilijenga wenyewe, wakibeba mawe kichwani. Kwao kazi inatajwa pamoja na upendo na amri za Mungu.

Na wale wadogo wa Tekoa, walioachwa na wakuu wao? Walipomaliza kipande chao walichukua cha pili, kuelekea mnara mkubwa mpaka ukuta wa Ofeli (mst. 27). Ukuta wote ulikwisha kwa siku 52.