Jenereta ya Fundi wa Keko: Usijumlishe Kilowati Tu

Wewe unayesoma uhandisi, jiandae. Umeme ukikatika mara mbili tatu, fundi seremala wa mtaani atakuuliza anunue jenereta ya ukubwa gani. Ukikosea, mtaji wake ndio unaopotea.

Tuchukue mfano wa karakana ya Keko, Temeke. Ina mashine ya randa yenye mota ya kW 5.5, msumeno wa kW 4 na taa za kW 0.5. Jumla kW 10. Gawanya kwa pawafakta ya 0.8, unapata kVA 12.5. Wengi tunaishia hapo: "Chukua ya 15, basi!"

Kumbe mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache. Hiyo ya randa, kwa volti 400, hutumia ampea 11 hivi. Ikistati inataka kama 66, yaani kVA 46. Jenereta ya 15 inakohoa, taa zinafifia, kazi inasimama.

Je, anunue ya 50? Si lazima. Kama mota zinakubali, stata ya sta-delta hushusha mkondo huo hadi theluthi moja. Randa iwashwe kwanza, bila mbao, msumeno ufuate. Hapo ya kVA 25 inatosha.

Na isifungiwe chumbani: joto la Dar huipunguzia nguvu, na moshi wake unaua.

Basi, kabla ya kutaja ukubwa, soma kibao cha kila mota.