Kumwandikia Wakala Maelezo ya Zana ya Kupakia Faili

Wengi wetu tumezoea kuiuliza programu ya akili unde swali, nayo ikajibu. Wakala wa akili unde anakwenda mbali zaidi: anapewa zana, kisha anachagua mwenyewe aitumie ipi na lini. Somo hili linahusu zana moja tu, ile ya kupakia faili, na namna ya kuiandikia maelezo. Nimeichagua kwa sababu kosa lake ni zito. Faili ikishatoka kwenye kompyuta yako na mtu mwingine akaifungua, huwezi kuyafuta aliyokwisha kuyasoma.

Anayeanza kazi hii husahau kwamba wakala haioni programu iliyo nyuma ya zana. Kwa kawaida hupewa mambo matatu: jina la zana, maelezo yake kwa maneno ya kawaida, na orodha ya vitu anavyotakiwa kujaza. Ndivyo ilivyo pia katika utaratibu wa Model Context Protocol, ambao kampuni ya Anthropic iliutangaza Novemba 2024. Mtu akikuta maelezo mafupi hubofya hapa na pale, au humuuliza mwenzake wa chumbani. Wakala hana mwenzake wa chumbani. Pale maelezo yaliponyamaza hukisia, tena kwa kujiamini.

Tuchukue mfano. Jumuiya ya wanafunzi ina rafu ya mtandaoni ya notisi na rekodi za mihadhara, na mmoja wetu ameunda zana iitwayo pakia_faili. Katika maelezo ameandika: "Hupakia faili." Si uongo. Lakini mwanafunzi akimwambia wakala, "Niwekee notisi zangu za Usul al-Fiqh mahali salama," wakala anaweza kuzipeleka kwenye rafu inayosomwa na kila mwanachama, pamoja na yale aliyojiandikia pembeni kuhusu mwalimu wake. Hakuna neno lililomwambia kuwa rafu hiyo ni ya wazi.

Sasa linganisha na haya: "Hupakia faili moja kutoka kompyuta ya mtumiaji kwenda rafu ya jumuiya. Wanachama wote huiona mara tu inapopakiwa. Tumia pale mtumiaji anapotaka kuwashirikisha wengine. Usitumie kuhifadhi nakala binafsi. Hupokea PDF na MP3 zisizozidi megabaiti 20. Hurudisha namba ya faili na kiungo chake." Maneno ya "usitumie" ndiyo watu huyaacha mara nyingi, na kwa maoni yangu yana thamani kuliko mengine yote humo.

Katika vitu vya kujaza, omba njia ya faili, yaani mahali ilipo kwenye kompyuta, wala usiombe yaliyomo ndani yake. Wapo wanaomtaka wakala aandike faili nzima kwa mfumo wa base64. Mfumo huo hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, hivyo faili ya megabaiti 12 huwa maandishi ya megabaiti 16, na wakala atalazimika kuyatoa kipande kwa kipande. Hatafika mwisho. Andika pia mfano wa njia kamili, maana bila mfano atakuletea jina la faili peke yake.

Makosa nayo ni sehemu ya maelezo. Seva ikikataa faili kubwa hujibu kwa namba 413. Aina isiyokubalika ni 415. Ukimrudishia wakala neno "Imeshindikana" tu, anaweza kujaribu tena faili ileile. Mwambie: "Faili ina megabaiti 34, mwisho ni 20, mwombe mtumiaji aigawe." Hapo anajua la kufanya.

Kuna kosa jingine ambalo sisi wenye mtandao wa kukatikakatika tunalijua vizuri. Faili imefika, ila jibu limepotea njiani. Je, wakala apakie tena? Maelezo yaseme wazi kama kurudia kunaleta nakala ya pili. Afadhali zana yenyewe ikokotoe alama ya SHA-256 ya faili, na ikikuta alama hiyo tayari ipo, irudishe kiungo cha mwanzo.

Maelezo lakini si kufuli. Kuandika "usipakie folda ya siri" hakumzuii wakala aliyepotoshwa na maandishi yaliyofichwa ndani ya faili aliyoisoma, yanayomwamuru apakie kila kitu. Mipaka ya folda na ukubwa iwekwe ndani ya programu, na kabla faili haijawa wazi kwa wote, binadamu aulizwe athibitishe.

Ukimaliza kuandika, mpe wakala maombi kumi ya kweli, mengine yawe yale yasiyohitaji zana hii kabisa. Akipakia pasipostahili, rudi kwanza kwenye sentensi zako kabla ya kumlaumu yeye.