Nachoka kabla kazi haijaanza

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Nikifika shuleni saa moja asubuhi, akili imeshachoka. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. Hebu tazama maamuzi unayofanya kabla ya kutoka nyumbani: uvae nini, watoto wanywe chai na nini, ufunguo uko wapi, nauli ipo? Kila swali linadai umakini, na umakini una kikomo.

Mazoea hupunguza mzigo huo: jambo likirudiwa mara nyingi katika mazingira yaleyale, sehemu za ndani ya ubongo hulichukua, na sehemu ya mbele, inayopima na kuamua, hupata nafasi. Ndiyo maana unafunga kamba za viatu huku unazungumza. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, aliliandika hili mwaka 1890, akimhurumia mtu ambaye kila jambo dogo lazima aliamue upya.

Usianze na mambo kumi. Chagua moja, ulifungamanishe na tendo usilolisahau: ukishaosha vyombo usiku, andaa sare na madaftari, ufunguo uweke palepale. Kifungua kinywa cha wiki nzima kiamuliwe Jumapili.

Wanaokuambia siku 21 zinatosha kujenga tabia wanakukatisha tamaa bure. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulipata wastani wa siku 66, wengine wakihitaji muda mrefu zaidi. Ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu tabia inayojengeka. Ukikosa leo, kesho endelea.