Kasri Lililojengwa Mtoni

Neno letu wiki hii ni kasri. Ngome hujengwa kwa ajili ya vita. Kasri ni makazi ya wakubwa.

Kasri la Chenonceau, Ufaransa, lilianza kujengwa mwaka 1513 juu ya msingi wa kinu cha kusaga nafaka, ndani ya mto Cher. Katherine Briçonnet ndiye aliyesimamia mafundi, mumewe akiwa vitani. Baadaye Diane de Poitiers akaongeza daraja, na Malkia Catherine de' Medici, aliyemhamisha Diane, akajenga ukumbi wa mita 60 juu yake.

Mwaka 1940 mto huo ukawa mpaka wa eneo lililotekwa na Wajerumani. Watu waliingia mlango wa kaskazini, wakapita ukumbini, wakatorokea kusini.

Zoezi: chora ukumbi huo, uandike kuta, nguzo, matao, daraja. Wazazi, msiwachoree!